Kunakili, Kubana na Kuchoma: Programu Huria na Hifadhi ya Fasihi Simulizi Katika Diski za Video

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kukuta makala ya tarakilishi katika kurasa zilizozoea uhakiki wa riwaya na mashairi ya arudhi. Tafadhali vumilia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi diski za video zinavyonakiliwa, zinavyobanwa na zinavyochomwa, na kubainisha programu zisizodai malipo ambazo zimekuwa zikiifanya kazi hiyo. Yameletwa hapa kwa sababu kazi nyingi za nyanjani ambazo sisi wanafunzi wa Kiswahili wa miaka ya 2000 tulizirekodi zimelala katika diski hizo, na diski hizo zinakufa.

Nianze na kisa changu. Mwaka 2007, nikiwa katika mwaka wangu wa tatu chuoni, tulifunga safari hadi kisiwa cha Pate katika funguvisiwa la Lamu kukusanya fasihi simulizi. Tulikuwa watu wanne na kamera moja ya kuazima. Ajuza mmoja ambaye sote tulimwita Bibi alituimbia nyimbo za arusi na kututambia ngano kwa Kipate kwa alasiri mbili, tukajaza kanda tatu za saa moja moja. Tuliporejea bara tulizipeleka kanda hizo katika duka moja la video mjini. Kijana wa dukani akatuchomea yote katika diski moja ya DVD, akatoa nakala mbili, nasi kwa ubahili wa wanafunzi tukazifuta kanda ili wenzetu wazitumie tena. Sikuona kosa lolote wakati ule. Diski iling'aa, ilikuwa nyepesi, na tuliambiwa dukani kwamba ingetuzika sote.

Bibi alifariki mwaka 2011. Mwaka 2020, nilipotaka kunukuu wimbo wake mmoja katika kazi niliyokuwa nikiiandika, niliitia diski katika tarakilishi. Ikazunguka, ikanguruma, ikazunguka tena, kisha picha ikaganda, Bibi akiwa amefumbua kinywa. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mambo niliyopaswa kuyajua miaka kumi na mitatu kabla.

Diski ya DVD ilianza kuuzwa nchini Japani mnamo Novemba 1996 na nchini Marekani mwaka uliofuata. Kwa umbo haitofautiani na sidii iliyoitangulia mwaka 1982: kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Tofauti i katika mwandiko. Data huandikwa katika mstari mmoja mrefu unaojizungusha kutoka katikati kuelekea ukingoni. Mizunguko ya mstari huo katika DVD imeachana kwa mikromita 0.74 tu, ilhali katika sidii imeachana kwa mikromita 1.6. Kwa sababu hiyo tabaka moja la DVD hubeba gigabaiti 4.7, na diski yenye matabaka mawili hubeba 8.5. Ukiifungua diski ya filamu katika tarakilishi utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake mna faili za VOB zenye picha na sauti, faili ndogo za IFO zinazoeleza mpangilio, na nakala za akiba za hizo IFO ziitwazo BUP. Wahandisi walioiunda diski walijua kwamba mpangilio ukiharibika picha hazifai kitu, wakauandika mara mbili. Laiti nasi tungalikuwa na busara hiyo!

Kunakili ni kitenzi ambacho watu wa Pate na Lamu hawahitaji kufundishwa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa sababu wanakili walikaa chini wakauandika tena na tena. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tendi nyingi kwa hati ya Kiarabu, na baadhi ya nakala zake zimo katika maktaba za Uingereza na Ujerumani hadi leo. Mwanakili wa namna hiyo anaweza kuchukua beti azipendazo peke yake, au kuuchukua mswada wote, pamoja na maandishi ya pembeni na madoa yake. Programu za kunakili diski nazo zina njia hizo mbili. Ya kwanza huchukua faili za VIDEO_TS tu. Ya pili, ambayo ndiyo ifaayo kwa hifadhi, huichukua diski nzima sekta baada ya sekta, kila sekta ikiwa na baiti 2,048, na kuitunza kama faili moja ambayo kwa kawaida huitwa ISO. Faili hiyo ni diski isiyo na plastiki. Unaweza kuichezesha, kuinakili tena bila kupoteza hata herufi moja, na kuichoma wakati wowote.

Tukija kwenye kubana, mambo yanakuwa mazito zaidi, na naomba tukae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mtafiti wa fasihi simulizi anapodanganyika.

Picha ya televisheni kwa mfumo uliotumika Kenya miaka ile ina nukta 720 kwa 576, na kila sekunde moja ina picha 25. Kila nukta ikipewa baiti mbili, saa moja ya video isiyobanwa ingehitaji gigabaiti 74 na ushei. Hakuna kanda ya mwanafunzi iwezayo kubeba mzigo huo. Kamera tuliyoazima ilikuwa ikibana picha papo hapo, hata saa moja ikawa gigabaiti 13 hivi. Kwa hiyo kanda zetu tatu zilikuwa na gigabaiti 39. Kijana wa dukani alizitia zote katika diski ya gigabaiti 4.7. Yaani katika kila sehemu nane za alichopokea, alitupa karibu saba.

Zilikwenda wapi? Mbinu iitwayo MPEG-2, ambayo ndiyo lugha ya diski za DVD, hutazama kwanza kisichobadilika. Nyuma ya Bibi palikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, na ukuta huo haukusogea kwa alasiri mbili. Hakuna haja ya kuuandika mara 25 kila sekunde. Programu huandika picha moja kamili, kisha kwa picha kadhaa zinazofuata huandika mabadiliko tu: mkono umepanda, shela imeteleza, paka amepita. Baada ya kama picha kumi na mbili huandika tena moja kamili. Hadi hapo hakuna anayelalamika. Lakini nafasi ikiwa bado haitoshi, programu huigawa picha katika miraba midogo ya nukta nane kwa nane, ikaanza kutupa vijitofauti ambavyo jicho haliyatambui kwa urahisi. Ukizidi kuibana, hutupa hata vile ambavyo jicho linavitambua. Uso wa mtu anayezungumza kwa haraka huwa vipande vipande kama mkeka uliofumuka. Tazama basi kinachopotea kwanza: si ukuta, bali kile kinachotembea, yaani midomo, vidole, macho yanayoelekezwa kwa hadhira. Mwanafunzi yeyote aliyesoma fasihi simulizi anajua kwamba hivyo ndivyo viungo vya uwasilishaji. Ukuta wa Bibi umehifadhika barabara katika diski yangu. Ishara zake za uso katika ngano ya pili ni ukungu mtupu.

Hapa pana suala la istilahi. Baadhi ya waandishi husema kubana, wengine kukandamiza, wengine kushindilia. Kushindilia kunanipendeza, kwa kuwa kunaleta picha ya mtu anayejaza gunia la makaa. Lakini atakayelifungua gunia atayakuta makaa yote. Ndivyo zifanyavyo programu za ZIP kwa maandishi na FLAC kwa sauti: hushindilia, kisha hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. MPEG-2 haifanyi hivyo. Hiyo ni kupepeta: pumba zimekwenda na upepo, na anayeamua zipi pumba na zipi punje ni programu. Naona ingetufaa kuwa na vitenzi viwili hivi badala ya kimoja, kwani mtafiti aambiwaye kwamba video yake imebanwa hudhani anaweza kuibanua.

Programu iliyovuma kuliko zote kwa kazi hii ilikuwa DVD Shrink. Ilitolewa bila malipo, na kazi yake kuu ilikuwa kuipunguza filamu ya gigabaiti 8.5 ili itoshee katika diski ya 4.7. Badala ya kuifumua video yote na kuisuka upya, ilizigusa tarakimu zilizokwisha kubanwa na kuzipunguza zaidi, ndiyo maana ilikuwa na kasi hata katika tarakilishi za kale. Ilimruhusu mtumiaji pia kuondoa menyu, matangazo na lugha asizozihitaji, ili nafasi yote iende kwa filamu yenyewe. Huo ulikuwa uamuzi wa busara: ni heri kuacha sura nzima usiyoihitaji kuliko kuipunguza kila sura.

Kuchoma sitakusemea sana, isipokuwa kwamba neno lenyewe ni sahihi kuliko watu wanavyodhani. Diski za filamu zinazotoka kiwandani hazichomwi. Hupigwa chapa kwa kukandamizwa kwenye muhuri, na vishimo vyake ni vya kudumu. Diski ya kuandikia mwenyewe ina tabaka la rangi ya kikemikali. Mwale wa leza huipasha rangi hiyo moto hapa na pale, ikabadilika na kuacha alama ambayo msomaji wa diski huichukua kama kishimo. Kwa hiyo ni kuchoma hasa. Na kwa kuwa ni rangi, hupauka, kama kanga iliyoachwa juani. Joto, unyevu na mwangaza huiharakishia mwisho wake, na gundi ya lebo za karatasi huweza kuidhuru. Diski yangu ilikaa miaka kadhaa juu ya kabati karibu na dirisha. Pia wengi tulipenda kuchoma kwa kasi ya juu kabisa ili tuondoke mapema, tukaacha kubofya kisanduku kidogo kinachoiagiza programu isome tena ilichokiandika na kukilinganisha na asili. Ulinganisho huo huchukua dakika chache. Sijui ni mimi peke yangu, lakini sikuwahi kuusubiri hata mara moja.

Tugeukie sasa neno linalotatanisha katika mada hii. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa minyororo. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU nchini Marekani mwaka 1983, ametumia miaka mingi kuwaeleza watu wake tofauti hiyo. Kiswahili hakina taabu hiyo: tuna bure na tuna huru. Programu ya bure hutolewa bila malipo, lakini msimbo wake, yaani maagizo aliyoyaandika mtungaji, hubaki siri yake. Programu huria hutolewa pamoja na msimbo, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuugawa.

Tofauti hii si ya wanafalsafa tu. DVD Shrink ilikuwa ya bure. Toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2004, na tangu hapo hakuna awezaye kuirekebisha, kwa kuwa msimbo uko kwa mwenyewe. DVD Decrypter, iliyosifika kwa kunakili, ilikuwa ya bure vilevile. Mwaka 2005 mtungaji wake alibanwa kisheria na kampuni moja, akalazimika kuiacha. Baadaye mwaka huohuo alitoa programu nyingine ya kuchoma, ImgBurn, isiyo na uwezo wa kufungua kufuli za filamu, nayo toleo lake la mwisho ni la mwaka 2013. Linganisha na yaliyozipata programu huria. Mwaka 2006 kulizuka mzozo wa leseni kuhusu cdrecord, programu kongwe ya kuchoma ya Jörg Schilling. Watu wa mradi wa Debian walichukua msimbo ulioruhusiwa, wakauendeleza kwa jina la cdrkit. Mzozo ulikuwa mkali, lakini hakuna mtumiaji aliyelala bila kifaa cha kuchomea. VLC, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja karibu na Paris mwaka 1996 na kuwa huria mwaka 2001, ingali inaendelezwa. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, imo leo ndani ya programu nyingi za video, aghalabu bila mtumiaji kujua. HandBrake ya mwaka 2003 haichomi diski, lakini huigeuza video ya diski kuwa faili ya kisasa inayochezeka hata katika simu.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu nyingine ya kuupenda uhuria huu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kumpigia magoti mwenye kampuni. Msimbo ulikuwa wazi, watafsiri wakafanya kazi yao. Kwa programu iliyofungwa, lugha yetu husubiri hadi mtu aone kuwa ina soko.

Najua msomaji fulani ameshaanza kuuliza: je, kunakili huku si wizi? Swali ni la haki. Filamu nyingi za kibiashara zilifungwa kwa kufuli iitwayo CSS, yenye ufunguo wa biti 40. Mwaka 1999 ilisambaa programu iliyoifungua, na kijana wa Norwe, Jon Lech Johansen, akashtakiwa. Mahakama ilimwondolea hatia Januari 2003, na ile ya rufani ikakubaliana nayo Desemba mwaka huohuo, kwa kuwa alikuwa akitazama filamu aliyoinunua kihalali. Hayo yalikuwa Norwe. Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kuvunja vizuizi vya kiufundi vilivyowekwa kulinda kazi ya mtu, na anayechoma filamu ya msanii wa River Road ili aiuze mtaani anamnyang'anya mwenzake riziki. Siandiki makala haya kwa ajili yake.

Diski tulizozichoma wenyewe hazina kufuli ya CSS, na video tuliirekodi sisi. Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila kilichomo ni chetu. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inatambua haki za jamii juu ya nyimbo na masimulizi yake. Kunakili ili kuhifadhi ni jambo moja, kuuza nyimbo za Bibi ni jambo jingine, na hata kabla ya sheria hiyo nadhani dhamiri ilikuwa ikitueleza hivyo.

Nirudi kwenye diski yangu iliyogoma. Nilianza kwa kosa: niliijaribu mara kadhaa kwa njia ya kawaida ya kunakili faili, na kila ilipofika mahali pabovu kazi yote ilikatizwa. Kisha mhadhiri mmoja wa sayansi ya tarakilishi akanielekeza kwenye ddrescue, programu huria ya mradi wa GNU. Hii haikati tamaa mapema. Kwanza husoma sehemu zote zilizo rahisi na kuruka zile zilizoharibika, kisha huzirudia zilizorukwa, kidogo kidogo, huku ikiandika katika faili ya pembeni ramani ya kilichopatikana na kilichobaki. Ukiizima usiku ukaiwasha asubuhi, huendelea ilipoishia. Nilinunua kisomeshi cha diski cha kuchomeka pembeni, kwani kipakatalishi changu hakina, nikaiacha kazi iendelee kwa siku mbili. Mwishowe zilikosekana megabaiti 38, sawa na dakika moja na nusu hivi, zilizotapanyika katika nyimbo tatu.

Ndipo nikaikumbuka ile nakala ya pili. Mwenzetu aliyeichukua alikuwa akifundisha Eldoret, naye akaipata ndani ya kamusi kuukuu, mahali pakavu na penye giza. Nayo ilikuwa na majeraha, lakini si mahali palepale. Kwa kuwa diski zote mbili zilichomwa kutoka kwa faili moja, sekta ya elfu kumi ya moja ni sawa na sekta ya elfu kumi ya nyingine. Niliipa ddrescue diski ya pili pamoja na ramani ya kwanza, ikaenda moja kwa moja kwenye mapengo na kuyajaza. Palibaki pengo la sekunde kama kumi na moja.

Faili ya ISO sasa iko katika diski kuu mbili, moja kwangu na moja kwa mwenzangu wa Eldoret, na kila mwaka tunalinganisha tarakimu zake za uhakiki kwa simu. Nakala nyingine, iliyogeuzwa kwa HandBrake, tulimpelekea mjukuu wa Bibi kisiwani Pate katika flashi, maana nyumbani kwao hakuna tena mashine ya kuchezesha diski. Alitupigia siku ya tatu. Aliuliza kwa nini wimbo wa kumtoa bi arusi unakatika kabla ya kituo cha mwisho, akaniimbia kituo chenyewe simuni jinsi alivyokisikia kwa bibi yake, nami nikakirekodi.